Simu Nayo Ina Mlango

Dada zetu wa visiwani na popote mlipo, tunawaandikia kutoka Bomang'ombe, wilaya ya Hai, pale barabara ya Moshi kwenda Arusha inapochepuka kuelekea Sanya Juu. Sisi ni mafundi cherehani wawili, mtu na wifi yake. Tunashona mashela, magauni ya nikaha, madera na sare za harusi. Leo hatuzungumzii kitambaa. Tunazungumzia simu.

Kila mwaka Shaaban inapokaribia kwisha, simu zetu Waislamu hujaa ujumbe wa kuombana msamaha kabla ya Ramadhani. Ni jambo jema. Lakini Shaaban iliyopita tulipokuwa tunazisoma, kila baada ya ujumbe mmoja tulijikuta tunaulizana: huyu ni nani? Mmoja tumemhifadhi kwa jina la "Dada wa KIA". Mwingine "Satini Mbuyuni". Mwingine "Mama wa lile gauni". Mwingine, Allah atusitiri, "Usipokee 2". Tumsamehe nani, na kwa lipi? Na yeye anatufahamu sisi, au amebonyeza mara moja ujumbe ukaenda kwa watu wote alionao?

Tukaamua kuhesabu. Laini ya dukani, ambayo ndugu nao huipigia hiyohiyo, ilikuwa na majina 2,314. Magrupu ya WhatsApp 43. Tulitazamana tukacheka, halafu tukaacha kucheka. Maana kila tulichokuwa tunakiweka kwenye stetasi, futari ya nyumbani, watoto wakiwa madrasa, safari ya kwenda kutazama mgonjwa, kilikuwa wazi kwa umati ule.

Namba hizi hazikuja kwa ubaya. Mteja analipa kianzio, unahifadhi namba yake. Bodaboda analeta mzigo, unahifadhi. Muuza vitambaa wa Moshi mjini, muuza lesi wa Kariakoo, mama wa sare za kitchen party, wote wanaingia. Kisha ukaja mtindo wa "nisevu nikusevu", watu wasiojuana wanahifadhiana ili kila mmoja apate wa kumtazamia stetasi. Biashara ndogo hukua kwa kuonekana, na hilo hatulikatai. Swali letu lilikuwa jingine: nani anaonekana, na mpaka wapi?

Hodi

Katika Surat an-Nur, aya ya 27 na ya 28, tunafundishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi. Na katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, tunafundishwa kwamba kuomba ruhusa ni mara tatu, usipojibiwa unaondoka. Sisi waswahili tumekua na neno hili. Mtoto wa miaka minne anajua kusema hodi. Jirani aliyekuja kuomba chumvi, ambaye anajua hata sufuria zetu zinakaa wapi, bado husimama mlangoni akapaza sauti, akangoja kuambiwa karibu.

Nyumba zenyewe zimejengwa kwa kuifuata hodi. Huko kwenu kuna baraza ya nje, anapokaa yeyote anayepita. Kuna sebule, anapokaribishwa mgeni. Kuna uani, wanakokaa wanawake wa nyumba na vichwa wazi, wakisukana, wakichambua mchele, wakiambiana ya moyoni. Muuza samaki ni mtu mwema na tunamhitaji, lakini mwisho wake ni barazani. Hamna aliyemwonea kwa kumwachia hapo.

Sasa angalieni simu. Muuza zipu, binamu, fundi wa jenereta, mwanamume aliyesoma na wewe kidato cha pili, wote umewakalisha uani. Hakuna aliyebisha hodi, na wewe hukusema karibu. Stetasi ya picha ya WhatsApp ilianza Februari 2017. Isipobadilishwa, huonekana na kila uliyemhifadhi ambaye naye amekuhifadhi, na hukaa saa 24. Watu husema, si inapotea? Ndiyo, inapotea kwako. Kwa aliyepiga skrinshoti haipotei.

Shela iliyotangulia harusi

Tuwaambie lililotufanya tulichukulie jambo hili kwa uzito. Tulikuwa na mteja, bi harusi, zimebaki siku 4 afunge nikaha. Alikuja kujaribu shela kwa mara ya mwisho. Alifuatana na binamu yake, wanapendana kama pacha. Nyuma ya pazia bi harusi akavua mtandio, nywele zimeshatengenezwa, mabega wazi kwa sababu koti la juu lilikuwa bado halijaunganishwa. Binamu akapiga picha moja, akaiweka kwenye stetasi yake na mioyo myekundu na maneno ya kumtakia heri.

Ile picha ilikwenda mbali kuliko sisi tulivyoweza kuifuata. Kabla ya Magharibi dada za bwana harusi walishaiona. Kabla ya Isha bwana harusi mwenyewe alishaonyeshwa, na aliyemwonyesha ni mwanamume anayefanya naye kazi. Huyo alikuwa na namba ya binamu kwa sababu aliwahi kumuuzia simu.

Bi harusi alirudi dukani kesho yake kuchukua nguo. Alikaa kwenye benchi, akalia bila kupaza sauti. Alisema neno moja tu: "Nilikuwa namwekea yeye." Harusi ilifungwa, alhamdulillah, na ndoa ipo. Lakini kile alichokuwa anakiweka hakikuwepo tena siku ile. Binamu naye alilia. Alifanya kwa furaha, hakuna aliyemdhania vingine. Simu yake ilikuwa na majina zaidi ya 900, na hapakuwa na pazia kati ya uani na barabarani.

Tangu wiki ile, kwenye pazia la chumba cha kupimia kuna kikapu cha ukindu. Simu zote zinaingia kikapuni, za wateja, za mashoga zao, na zetu sisi. Kazi zetu tunazipiga picha zikiwa kwenye mdoli au zikining'inia kwenye henga, bila mwili wa mtu ndani. Anayetaka picha ya ukumbusho akiwa amevaa hupigwa kwa simu yake mwenyewe, na sisi hatubaki na nakala. Isitoshe, nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina tume ya kuisimamia. Jina la mtu, namba yake, picha yake, vipimo vya kifua na kiuno kwenye daftari letu, zote ni habari zake yeye. Kwa Muislamu hilo si geni. Ni amana.

Siku 10, majina 230 kwa siku

Kuchambua tulifanya baada ya Alasiri, saa ambazo duka hupoa. Mmoja anasoma jina, mwingine anajibu. Tulijiwekea swali moja la kwanza: huyu akifariki leo, tutafanya nini?

Kama jibu ni "tutafunga duka twende msibani", huyo ni wa sebuleni. Kama ni "tutatuma rambirambi", ni wa barazani. Kama ni "hatutajua hata kama amefariki", namba inafutwa. Tulishangaa jinsi swali hili linavyokata haraka kuliko mkasi. Watu tuliokuwa tunawaona kila siku kwenye kioo, wenye magauni na keki na safari, tulijikuta tunanyamaza: hatumjui hata jina la mama yake.

Kisha swali la pili, la uani: mmoja wetu akizidiwa usiku wa manane, tutampigia nani? Hapo yalibaki majina 9. Tisa kati ya 2,314.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Robin Dunbar, alianza kuandika miaka ya 1990 kwamba binadamu anaweza kushika uhusiano wa kweli na watu wapatao 150, na kwamba ndani yao kuna duara ndogo zaidi, kama 50, kama 15, mpaka wale 5 wa karibu kabisa. Wenzake wengine wanabishana naye kuhusu hesabu hiyo, na sisi si wa kuwaamulia. Lakini tulipoiona tulikumbuka baraza, sebule na uani. Bibi zetu hawakuwa na hesabu ya kitabuni, ila walijenga kuta.

Kulikuwa na kipimo kingine tulichokumbuka. Tarehe 4 Oktoba 2021, siku ya Jumatatu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama 6. Kwetu ilikuwa kuanzia jioni mpaka usiku umekwenda. Tulifikiri ni bando limeisha. Usiku ule watu watatu tu ndio waliotupigia simu ya kawaida kuuliza kama tu wazima. Tulipotazama orodha yetu ya uani, wote watatu walikuwemo.

Kuna namba moja ilitusimamisha. Ni ya mama, mzazi wa mmoja wetu na mama mkwe wa mwingine, aliyetangulia mbele ya haki. Hatukuwahi kuifuta. Tulipoifikia, palipokuwa na picha yake na mtandio wa kijani palikuwa na kijana ameegemea pikipiki. Laini isiyotumika muda mrefu hurudishwa na kampuni ikauzwa upya, na hivyo ndivyo ilivyokwenda. Kijana wa watu hana kosa. Tulikaa kimya kidogo. Kisha tukaiandika ile namba nyuma ya daftari la vipimo, kwa mkono, tukamwombea mama, tukaifuta kwenye simu.

Siku ya 10 yalibaki majina 611. Tukanunua laini ya pili. Ya kwanza ikawa baraza, ya duka peke yake, kwenye WhatsApp ya biashara, na humo hamna futari wala mtoto wala mgonjwa. Ya pili ikawa ya nyumbani. Huko nako stetasi haiendi kwa wote: kwenye mipangilio ya faragha kuna kuchagua wote isipokuwa fulani na fulani, au hawa tu. Sisi tumechagua hawa tu. Picha ya wasifu na saa ya mwisho kuonekana nazo zina mipangilio yake. Kazi hiyo haichukui hata dakika 5.

"Mmekata udugu?"

Hapa ndipo penye uzito, na tunajua wengi wenu ndipo mnapokwama. Shangazi yetu wa Sanya Juu aligundua siku ya tatu. Alimpigia mtu, yule akampigia mwingine, mpaka neno likatufikia: wasichana wale wamepata pesa, sasa wanakata udugu.

Neno hilo ni zito kwa Muislamu. Kukata kizazi ni dhambi kubwa, na Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alikataza Muislamu kumsusa ndugu yake zaidi ya siku 3. Amefundisha pia kwamba mwenye kuunga udugu hasa ni yule anayeunga hata alipokatwa. Kwa hiyo hatukulijibu kwa ujumbe. Tulifunga duka Jumapili, tukabeba sukari, mchele na kanga pea moja, tukapanda gari kwenda kwake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mmekuja kuniona, au mnataka kunitoa na hapa pia?"

Tulicheka, naye akashindwa kukunja uso. Akatueleza: kila tulipoweka kitu, yeye huwaonyesha wenzake pale anapokaa. Alikuwa anajivunia. Nasi tukamweleza kwa nini, tukamsimulia habari ya yule bi harusi, kwamba picha ikishatoka hatujui inaonyeshwa kwa nani. Alisikiliza. Kisha aliponyanyuka kutuletea chai tukaona miguu yake. Imevimba. Dawa za presha zilikuwa zimekwisha siku nyingi, na hakutaka kumsumbua mtu.

Dada zetu, shangazi huyu alikuwa akitutumia ua la waridi na dua kila asubuhi. Kwenye simu alikuwa mzima kabisa. Sisi kwake tulikuwa tunashiba na kucheka. Kila upande uliamini umemwona mwenzake, kumbe tulikuwa tunaonana picha. Tulimpeleka hospitali siku ileile. Sasa tunampigia kila Ijumaa, na kila mwezi mmoja wetu anakwenda. Stetasi yetu mpaka leo haioni, na juzi alisema mwenyewe: "Afadhali sasa mnaniambia kwa midomo yenu."

Sisi si masheikh, na mwenye jambo zito la kifamilia amuulize mwenye elimu. Lakini tulichokiona ni hiki: namba haiungi udugu, na kuificha stetasi haiukati. Udugu huungwa kwa miguu, kwa sauti, kwa mkono uliobeba kitu. Ukiamua kumtoa mtu uani, basi ongeza hodi kwenye mlango wake. Ukimtoa na usimwendee tena kwa hasira, ndipo ujihoji. Na kumzuia mtu kabisa asikufikie ni jambo la mwenye kukuudhi, kukutukana au kukutaka kwa haramu. Hilo ni kujilinda, usione haya.

Magrupu na ahadi za harusi

Magrupu 43 yalibaki 11. Mengi yalikuwa ya kamati za harusi zilizopita, nyingine za watu ambao wameshapata watoto wawili. Huku kwetu bara kamati ikianza, unaingizwa bila kuulizwa, na kila jioni orodha inapita: nani ameahidi, nani amelipa, nani bado. Tangu 2019 WhatsApp ina sehemu ya kuchagua nani anaweza kukuingiza kwenye grupu, na mwaka 2022 waliongeza njia ya kulefti bila watu wote kutangaziwa. Anayejulishwa ni admini. Tumia zote mbili.

Ila tuweke adabu yake. Ukiwa umeahidi, lipa kwanza. Ahadi ni deni, na kulefti hakulifuti. Kama huna uwezo, mwambie mweka hazina kwa siri kiasi unachokiweza. Kisha aga kwa salamu na dua kwa maharusi. Sisi tumechangia harusi nyingi zaidi tangu tulipoacha kukaa kwenye magrupu, kwa sababu sasa tunachangia tunaowajua.

Mlango wa pili: unaowatazama wewe

Mpaka hapa tumesema kuhusu wanaokutazama. Kuna mlango mwingine, wa wale unaowatazama wewe, nao unahitaji kuchambuliwa.

Tunaona kila wiki. Bi harusi anakuja na picha ya Instagram, shela ya Dubai au Istanbul, mfuatano wa mita na mita, anasema nataka hii. Tunampima, tunaanza kazi. Kadiri siku zinavyosogea anazidi kunywea. Anaanza kuuliza kama kiuno chake ni kikubwa. Anaacha kula. Tunamwambia siri ya ufundi: gauni la pichani mara nyingi limebanwa kwa pini na vibanio mgongoni, mpaka likakaa kama ngozi. Mwenye kulivaa hawezi kuketi, sembuse kurukuu. Wewe unataka nguo ya kuketi, kula walima, na kusali ndani yake.

Si hisia zetu tu. Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal la Marekani liliandika kuhusu utafiti uliofanywa na wenye Instagram wenyewe: asilimia 32 ya wasichana wa umri wa ujana walisema wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Wenyewe wanajua. Basi wewe bi harusi, miezi mitatu kabla ya nikaha, pitia unaowafuata. Kila ukimtazama mtu ukafunga simu huku umepungukiwa na shukrani, mwache. Kumwacha kumfuata mtu asiyekujua hakumuumizi.

Na kuna nyakati. Surat an-Nur, aya ya 58, inataja nyakati tatu za faragha ambazo hata watumishi na watoto wadogo wa nyumbani wabishe hodi: kabla ya sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika na kuvua nguo, na baada ya sala ya Isha. Tulipoisoma tulijiuliza, kama mtoto wa ndani anabisha hodi saa hizo, simu ni nani aingie bila kubisha? Nyakati hizo tatu simu zetu zinalala kwenye droo ya cherehani, sauti imeachwa kwa wale 9 tu. Kwa maharusi wapya hili ni kubwa zaidi ya linavyoonekana.

Kwako bi harusi

Kabla ya nikaha, kaa na simu yako kama unavyokaa na sanduku lako la nguo. Namba za wanaume ambazo hazina kazi wala udugu, ziage. Aliyekuwa anakuchumbia zamani, na picha zenu kama zipo, futa, wala usihamishie mahali pengine. Mwambie mpiga picha kwa maandishi nini kisitoke. Mteue mtu mmoja, dada au somo wako, akusanye simu mlangoni siku ya kupambwa na siku ya singo. Harusi nyingi za wanawake zinafanya hivyo na hakuna aliyekufa kwa kukosa picha.

Lakini neno moja tulisisitize sana. Kupunguza namba ni uamuzi wako. Mtu akikupunguzia ni habari nyingine. Tulikuwa na mteja ambaye mchumba wake alimtaka afute namba zote, mpaka ya mama mdogo na ya rafiki aliyesoma naye ushonaji. Aliita hiyo sitara. Binti alikuja kupima nguo uso umesawijika. Tulimshauri ampelekee baba yake, ndiye walii. Mzee alimwita kijana, akauliza swali moja: "Na wewe za kwako unazifuta?" Kijana alikaa kimya muda. Mwisho wakakubaliana kila mmoja achambue simu yake mwenyewe, na namba za wazazi, ndugu na mashoga wema zisiguswe.

Kwa hiyo, kabla hujaolewa, shika kichwani bila simu namba tatu: ya mzazi au ndugu, ya rafiki mmoja mwenye busara, na ya jirani. Simu huvunjika, hupotea, na wakati mwingine hunyang'anywa. Ujue pia kwamba vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Tunaomba usilihitaji kamwe. Lakini mlango wa dharura haujengwi siku ya moto.

Tulichopata na tulichopoteza

Tuseme ukweli wa biashara. Miezi miwili ya kwanza wateja wapya walipungua, wale wanaokuja kwa kuona stetasi na kuuliza bei saa 5 usiku. Wateja wa kuelekezwa na wenzao walibaki, na sasa ndio wengi. Wapo akina mama wanaotuletea mabinti zao wakisema sababu ni kile kikapu cha ukindu. Bando la wiki sasa linafika wiki mbili. Na kwa mara ya kwanza tangu tufungue duka, juzuu moja inasomwa kila siku kabla ya kuwasha cherehani.

Shaaban ikija tena inshallah hatutatuma ujumbe kwa wote. Tutawapigia wale ambao kweli tumekaa nao, tumekula nao, tumegombana nao, kila mmoja kwa jina lake.

Ya Allah, wasitiri mabibi harusi wetu, zitie baraka nyumba zao, na utujaalie majirani na ndugu wanaobisha hodi. Amin. Wabillahi tawfiq.